Paipu za intakula kwenye gari la supachaja: tafuta kwanza kilango cha hewa

Kijana anayetaka kuhamisha intakula, yaani kipoza hewa iliyobanwa kabla haijaingia injini, kutoka juu ya injini hadi nyuma ya bampa huwa ameshachagua paipu kabla hajafungua boneti. Kipenyo cha inchi 3. Ukimuuliza sababu, atakwambia jamaa fulani mwenye turbo ameweka hizo na gari linakwenda. Huenda ni kweli. Ila lile ni la turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, na hili lako ni la supachaja: mkanda wa injini ndio unaozungusha pampu ya hewa.

Nitatumia injini ya Toyota 4A-GZE kama mfano, ile ya cc 1587 iliyofungwa kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE92 (namba ya toleo la bodi), na kwenye MR2 ya AW11. Kiwandani ilianza na nguvu za farasi 145, na ya AE101 ikafika 170. Ina supachaja ya SC12, yenye rota mbili zinazosukuma hewa mbele bila kuibana ndani yake. Hewa hubanwa inapokutana na presha iliyo upande wa pili, na ndiyo maana hutoka ya moto sana.

Sasa fuata njia ya hewa kwa kidole kwenye hiyo AE92: chujio, kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali, supachaja, intakula, manifoldi (inayogawa hewa kwa silinda), injini. Kilango kiko kabla ya supachaja. Magari mengi ya turbo yana kilango karibu na manifoldi, baada ya intakula. Hapa ndipo ushauri wa turbo unapokupoteza.

Kilango kikiwa mwanzoni mwa msafara, kabla ya supachaja, kila lita ya paipu unayoongeza inakaa kati ya mguu wako na injini. Ukikanyaga, supachaja lazima ijaze paipu zote na intakula kwanza. Ukiachia, injini inaendelea kunywa iliyobaki. Mini Cooper S ya R53 nayo imepangwa hivyo hivyo. Supachaja za feni, zile za mfano wa Rotrex na Vortech, kwa kawaida zina kilango baada ya intakula; huko paipu nene haisumbui mguu kiasi hicho, lakini unahitaji vali ya kutoa hewa kilango kinapofungwa ghafla.

Tupige hesabu. Injini ya petroli hutumia takriban kilo 4.5 za hewa kwa dakika kwa kila nguvu 100 za farasi. Ukitaka 200, ni kilo 9 kwa dakika. Chukua busti (presha inayoongezwa na supachaja) ya bar 0.7 na hewa iliyopozwa hadi nyuzi 50. Utapata takriban lita 82 kwa sekunde zikipita kwenye paipu. Halafu weka njia ya kawaida ya intakula ya mbele: mita 3 za paipu na kona 6 laini, ukuta wa paipu milimita 1.5.

Paipu ya inchi 1.75 itakula karibu bar 0.11. Ya inchi 2, bar 0.06. Ya 2.25, bar 0.03. Ya 2.5, bar 0.02. Ya inchi 3, bar 0.01. Ni makadirio, na intakula yenyewe haimo humo, lakini angalia yanavyoshuka. Kutoka 1.75 hadi 2 umeokoa bar 0.05. Kutoka 2.5 hadi 3 umeokoa 0.01, ambayo geji ya dashibodi haitaiona kabisa.

Upande wa ujazo hali ni kinyume. Mita 3 za inchi 2 zinabeba lita 5.4. Za 2.25 zinabeba karibu 7, za 2.5 karibu 8.6, na za inchi 3 zinafika lita 12.6. Injini hii kwa mizunguko 2000 kwa dakika humeza kama lita 26 kwa sekunde. Kwa hiyo paipu za inchi 3 peke yake zina akiba ya karibu nusu sekunde ya hewa, kabla hujahesabu tumbo la intakula. Dereva anayeingia kwenye mzunguko wa barabara na gia ya pili atalihisi hilo kila siku. Supachaja inapendwa kwa sababu inaitika papo hapo. Sioni maana ya kulipa fundi ili uiondoe sifa hiyo.

Kwa gari la namna hii mimi hufunga 2.25. Kama njia ni fupi na kona ni chache, 2 inatosha. 2.5 naikubali pale ambapo intakula yenyewe imekuja na midomo ya 2.5, au mwenye gari anapanga kupanda zaidi ya nguvu 250. Inchi 3 kwenye injini ya lita 1.6 ni pambo.

Utasikia pia kwamba upande wa moto uwe mwembamba na wa baridi uwe mnene. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo ndiyo inayokwenda kasi zaidi: kwenye inchi 2, kama mita 55 kwa sekunde upande wa moto, dhidi ya 45 baada ya intakula. Ukiubana upande wa moto unaongeza upotevu palepale ulipo mkubwa. Weka saizi moja pande zote.

Pesa unayookoa kwenye unene, itumie kwenye kona. Katika ile hesabu ya kona 6, zaidi ya nusu ya upotevu ilitoka kwenye kona. Kata njia mpya kwenye fremu ya bampa ikibidi, ili kona 6 ziwe 4. Kona ya kukata na kuunga kwa pembe kali usiikubali hata fundi wa kulehemu kwa argoni awe na mkono mzuri namna gani. Na pale saizi inapobadilika, tumia koni. Kutoka 2 kwenda 2.5 koni iwe na urefu wa angalau sentimita 7. Ikiwa fupi kuliko hapo hewa inaachana na ukuta na kuzunguka ovyo.

Kuna wanaofunga paipu za PVC za maji kwa muda, wakisubiri alumini. Kwa busti ya bar 0.7 hewa inayotoka kwenye rota inaweza kufika nyuzi 120. PVC hulegea karibu na 80. Wacha.

Hosi nazo zina mtego wao kwenye mpangilio huu. Kwa sababu kilango kiko mwanzoni, gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila pedali kukanyagwa, paipu zote zina mvuto wa ndani, si presha. Hosi nyembamba ya silikoni hunyonywa na kulala bapa, hasa ile ndefu ya kona. Nunua zenye tabaka nyingi, acha pengo dogo kati ya paipu na paipu, na miisho ya paipu itiwe ukingo ili klempu isiteleze wakati presha inaporudi.

Baada ya kufunga, mteja atarudi akilalamika kwamba busti imeshuka, labda kutoka 0.7 hadi 0.6. Kabla hujabadilisha puli ya mkanda wa supachaja, pima sehemu mbili: mdomo wa supachaja na manifoldi, injini ikiwa na mzigo kamili na mizunguko ileile. SC12 inasukuma ujazo uleule kila mzunguko. Hewa ikipoa hujibana yenyewe, na geji ya manifoldi inashuka ingawa injini inapata hewa ileile au zaidi. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ikiwa chini ya bar 0.1, intakula ikiwemo, mwambie aendeshe. Ikiwa 0.2, supachaja inafanya kazi ya bure, mkanda unavuta nguvu zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Hapo hamisha geji ya pili iwe kabla ya intakula, kisha baada yake, ujue kama kinachobana ni intakula au ni paipu zako.