Uwele ukishika mimba ndipo utafute meiosisi

Kosa kubwa kwenye zoezi hili la kutazama kwa hadubini meiosisi ya uwele, yaani mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) hadi nusu, ni kuchelewa. Mtu anachuma suke lililochanua, vyavulio (vifuko vya chavua) vya njano vinaning'inia, kisha analalamika kwamba hadubini inamwonyesha chavua tu. Kazi ilikwisha siku nyingi kabla. Seli zinazogawanyika kwa meiosisi zimo kwenye suke ambalo bado limefichwa na ala ya jani la mwisho, pale ambapo mkulima wa Chamwino au Kongwa anasema uwele umeshika mimba.

Kwa nini uwele? Una kromosomu 14 tu, jozi 7, na ni kubwa. Mtama una 20, zenyewe ndogo zaidi. Mzabibu una 38 zinazoonekana kama vumbi, usijitese nao.

Nenda asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Chana ala kwa wembe. Chavulio kinachofaa ni kidogo, cha rangi ya maji au kijani hafifu. Suke moja hubeba hatua tofauti tangu nchani hadi kwenye kikonyo, kwa hiyo likate vipande vitatu na kila kipande kiwe na chupa yake.

Dawa ya kugandishia seli ni ethanoli safi sehemu 3 na asidi asetiki isiyo na maji sehemu 1. Ichanganye siku hiyohiyo, kwa kuwa ikikaa hutengeneza esta na kudhoofika. Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5 tu, na spiriti ya zambarau ina methanoli na rangi. Ziache zote mbili. Asidi yenyewe huganda kwenye nyuzi 16 na ushei, hivyo asubuhi ya Julai hapa Dodoma unaweza kuikuta imekuwa jiwe. Haijaharibika. Legeza kifuniko, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu. Vyavulio vikae kwenye dawa saa 24, kisha vihamie kwenye ethanoli ya asilimia 70, jokofuni.

Rangi: gramu 1 ya kamaini kwenye mililita 100 za asidi asetiki ya asilimia 45, ichemke polepole mahali penye hewa, ipoe, ichujwe. Maji ya kisima yana chumvi mno kwa kazi hii. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma lebo, maana chupa ya asidi ya betri hukaa rafu ileile.

Kila ua la uwele lina vyavulio vitatu, na kwa kawaida vyote viko hatua moja. Pima kimoja, kikifaa, viwili vilivyobaki ndivyo vya kazi. Kikate ndani ya tone la rangi, kamua seli kwa sindano ya chuma yenye kutu kidogo (chuma hukoleza rangi, lakini ukizidisha hata saitoplazimu huwa nyeusi), ondoa maganda, funika, pitisha juu ya taa ya spiriti bila kuchemsha. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kuchujia, wima. Kifuniko kikiteleza hata kidogo, seli zinajiviringa na slaidi imekufa.

Sasa hesabu. Seli nzuri ina maumbo 7, kila umbo ni jozi moja ya kromosomu. Yenye sura ya pete yamefungwa pande zote mbili, angalau viazma viwili. Yenye sura ya fimbo yana kiazma upande mmoja tu. Kiazma ndipo kromosomu za baba na mama zilipobadilishana vipande. Protini ya SPO11 hukata DNA kwa makusudi, RAD51 na DMC1 huisaidia ncha iliyokatika kumtafuta mwenzake, MLH1 na MLH3 humalizia. Mikato mingi huzibwa bila kubadilishana kitu. Kiazma kimoja ni sawa na sentimogani 50 (kipimo cha umbali kati ya jeni), kwa sababu nyuzi mbili tu kati ya nne za kila jozi hushiriki. Pete 6 na fimbo 1 hukupa angalau viazma 13, yaani sentimogani 650.

Wengi hufunga hadubini hapo, nasi tunaona wanakosa nusu ya habari. Baada ya meiosisi seli nne hubaki zimefungwa pamoja kwa ukuta wa kalosi, aina ya sukari ndefu. Wanaozifungua ni majirani: tabaka la tapetamu, linalolisha chavua ndani ya chavulio, ambalo hupakia kimeng'enya cha kuyeyusha kalosi kwenye vifuko, hukipitisha kwenye Golgi (sehemu ya seli inayofungasha protini) na kukimwaga nje. Njia hii inategemea jeni za SEC, ndugu wa zile ambazo mwanabiolojia Randy Schekman alizifuatilia kwenye hamira hadi Nobeli ya 2013. Kimeng'enya kikimwagwa mapema mno, chavua hufa.

Kwa hiyo suke likitoka na mapepe, usikimbilie kulaumu kromosomu. Ukiona kromosomu 14 zimetawanyika moja moja, au viini vidogo vya ziada kwenye seli nne, basi kubadilishana kumeshindikana. Ukiona pete na fimbo safi, lakini chavua baadaye imesinyaa au zile nne hazijaachana, itazame tapetamu. Thibitisha kwa tone la iodini kwenye chavua iliyokomaa: iliyojaa wanga huwa nyeusi, tupu hubaki na rangi hafifu. Hesabu zisizopungua 200, kutoka masuke kadhaa, kabla ya kutoa hukumu.