Maswali yenu wiki hii: daftari linasema hivi, mkojo unasema vile

Inboksi imejaa tangu niseme daftari la chakula, lile unaloandika kila unachokula, peke yake siliamini hata akiliandika mchungaji, mpaka mkojo nao upimwe. Nimechagua machache, mengine yamejirudia mpaka nimechoka.

Swali: Nakula kalori 1,200 tu kwa siku, naandika kila kitu, uzito hausogei. Naambiwa nadanganya. Kuna kipimo cha kunitetea?

Kipo dada, ila kinaweza kisikutetee. Unakunywa maji maalum ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko kawaida, halafu mkojo wako unachukuliwa kwa kama wiki mbili, wanaangalia kila moja inatoka mwilini kwa kasi gani na tofauti ya hizo kasi ndo inayowapa kalori ulizochoma. Kama uzito umesimama, ulichochoma ndicho ulichokula, hapo hakuna kubishana. New York, mwaka 1992, yalitoka majibu ya watu wenye kilio kama chako, wanene waliosema wanakula chini ya 1,200 na hawapungui. Miili yao ilikuwa inachoma kawaida kabisa, ila chakula walikuwa wanakitaja pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakajiongezea asilimia 51.

Kabla hujanuna, sisemi wewe ni mwongo. Kwenye utafiti wa OPEN kule Marekani walikuwepo watu 484, watu wa kawaida tu, na walipojaza dodoso la vyakula wanaume walipunguza kalori kwa asilimia 31 mpaka 36, wanawake 34 mpaka 38. Walipoulizwa tu jana ulikula nini ikawa nafuu lakini bado pungufu. Karanga ulizotafuna kwenye daladala, mafuta uliyomimina kwa macho, matonge mawili aliyobakiza mtoto ukaona yasitupwe, hivyo vyote kichwani mwako sio mlo kwa hiyo haviandikwi.

Swali: Naweza kupeleka mkojo wa asubuhi tu?

Hapana. Hili nalijibu mara ya tano sasa. Kwa kujua mtu mmoja amekula protini au chumvi kiasi gani ni saa 24 nzima: mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwaga, kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu mpaka asubuhi inayofuata saa ileile, na huo wa mwisho unaingia pia. Ukikojoa kazini ukasahau dumu nyumbani, sema umesahau, usijaze maji! Mtafiti wa lishe Sheila Bingham na wenzake kule Cambridge, Uingereza, walishawajua watu wa namna hiyo, wakawa wanawapa vidonge vya PABA wameze na milo mitatu, kitu ambacho karibu chote hutoka kwenye mkojo, wakikuta chini ya asilimia 85 wanajua dumu lina pengo.

Swali: Mimi wa jim, nakula protini gramu 120 kila siku. Mkojo unaweza kuhakikisha?

Vizuri sana. Protini ina naitrojeni ndani yake, na karibu asilimia 81 ya naitrojeni unayokula hutoka kwenye mkojo. Sasa tuseme maabara wakute gramu 10 za naitrojeni kwa saa 24, gawanya kwa 0.81, zidisha kwa 6.25 kuigeuza protini, unapata kama gramu 77. Hizo 43 nyingine zilikuwa kwenye stori. Ila siku moja haitoshi, kusanya siku kadhaa, na kama unakonda kwa kasi hesabu inaharibika maana mwili unakula misuli yake wenyewe na naitrojeni inapanda.

Swali: Chumvi mezani siweki kabisa lakini presha ipo juu. Mkojo unapima chumvi kweli?

Kuliko mdomo wako. Karibu asilimia 90 ya sodiamu unayokula, ile iliyomo kwenye chumvi, inapita huko. Mimi mwenyewe nilikuwa najitapa nakula gramu 5 za chumvi, kiwango cha WHO, nikabeba dumu la lita tatu siku nzima kwenye mfuko mweusi kama naficha gongo, majibu yakaja milimoli 160 za sodiamu, yaani gramu 9 na ushee za chumvi zilizotoka tu, nilizokula ni kama 10. Nilisahau mkate, chips zege, na lile embe bichi la jioni na pilipili. Hiyo chumvi hamna aliyeiweka mezani, ilikuja nayo. Na utafiti wa Kenya uliotoka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka kijijini kuhamia Nairobi, mkojo ukaonyesha sodiamu imepanda na potasiamu imeshuka, na presha ikaanza kupanda ndani ya miezi tu. Dawa usiache lakini.

Swali: Zile stripu za famasi za kuchovya kwenye mkojo zinaonyesha nilichokula?

Hapana. Na yule wa kwenye hema anayesoma "lishe yako yote" kwa kukushikisha chuma, mkimbie.

Swali: Mume wangu anasema soda ameacha. Nipeleke mkojo wake maabara kimyakimya?

Watafiti wanaweza, kuna sukari kidogo ya sukrosi na fruktosi huponyoka mpaka kwenye mkojo, ila maabara ya mtaani itakupimia glukosi na hiyo ni habari ya kisukari, sio ya soda. Halafu mama, saa 24 na dumu bila yeye kujua utafanyaje, utamvizia chooni usiku kucha? Kaangalie chupa chini ya siti ya gari.