Jibu: Mchikichi wa msituni mbona hauzai?

Ndugu, umeuliza kwa nini michikichi iliyo ndani ya msitu huko Kisangani imerefuka bila kuzaa, ilhali ile ya shamba lililoachwa inabeba. Mbegu usiilaumu, ni jua. Mchikichi hupenda pembezoni mwa msitu, kando ya mito na kwenye mahame ya vijiji. Ukifunikwa na miti mikubwa unajivuta juu kutafuta mwanga, na maua unayotoa ni machache, mengi yakiwa ya kiume, yasiyozaa.

Chungulia kwapa la kuti, pale linapoungana na shina: hutoka shada moja tu, la kiume au la kike. Jinsia hiyo huamuliwa takriban miaka miwili kabla ua halijachanua. Kwa hiyo kiangazi kikali cha mwaka juzi, kinachozidisha mashada ya kiume, unakiona leo kwa kukosa mikungu, na wewe ushakisahau! Mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, iliyosambaa vizuri, inaufaa sana. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa.

Wadudu wa kubeba chavua kwenu wapo tele, kwa hiyo tatizo si hao; huna haja ya kuwaleta kama Malaysia walivyowaleta kutoka Kamerun mwaka 1981. Punguza kivuli, ila mawese ya msimu ujao usiyatarajie.