Ulizia Nissan 1400, Usiseme Datsun

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu baba ametuachia pikapu yake, Datsun 1200, aliyokuwa akibebea kahawa. Sasa inatoa moshi wa buluu na breki za nyuma zinavuja. Nimezunguka maduka matano hapa mjini, wote wananijibu, "Datsun hakuna." Niiuze chuma chakavu? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Usiiuze.

Kwanza, dukani usitaje Datsun. Vijana wanaouza vipuri leo hawakulikuta jina hilo. Wanatikisa kichwa kabla hujamaliza kusema. Ulizia Nissan 1400. Afrika Kusini waliendelea kuiunda pikapu hiyohiyo kwa jina hilo mpaka 2008, na usukani uko kulia kama wetu. Kioo cha mbele na raba yake, kwa mfano, mwagize mtu anayetoka huko.

Injini ni habari nyingine. Gari lilitoka kiwandani na injini iitwayo A12, lakini gari la umri huo limepita mikono mingi. Futa grisi ubavuni mwa bloku usome namba kwa macho yako. Nimefungua Datsun ngapi nikakuta A15, injini ya Vanette, kile kibasi kidogo cha Nissan! Pistoni ya A12 ina kipenyo cha milimita 73. Ya ndugu zake wakubwa, A14 na A15, ni 76. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa gasketi ya kichwa cha injini ya A12 kwa ajili ya A15, muuzaji akiapa ni mamoja. Mvua ilikuwa inakuja, nikaifunga bila kupima. Tundu lake lilikuwa dogo, ukingo wake ukachungulia ndani ya silinda, ukaungua, na mwenye gari akakwama Iganga na gunia zake za mahindi. Matusi niliyopata siku hiyo sitayaandika hapa.

Ila usikimbilie pistoni. Moshi ukitoka asubuhi unapowasha, kisha ukakatika, huenda ni raba za valvu tu, na hizo si ghali. Ukifuka njia nzima, hasa mlimani, hapo ringi za pistoni zimekwisha.

Breki: vua ile silinda ndogo ya gurudumu, uisugue kwa brashi ya waya. Mara nyingi utaona sehemu ya inchi imechorwa kwenye chuma, kama 3/4 au 11/16. Hicho ndicho kipimo cha raba zake. Nenda nayo mkononi Kisekka, soko la vipuri Kampala, uiweke juu ya meza; mwenye duka hatahitaji kujua ni ya gari gani. Ikiwa ndani imeliwa na kutu, usihangaike na raba, tafuta silinda nzima. Mafundi chuma wa Katwe, hukohuko Kampala, watakukerezea bushi na pini safi kabisa, lakini breki usiwape.

Ukisoma namba, niandikie.

SWALI: Nina Peugeot 504 pikapu ya petroli. Fundi anataka bloku ikachongwe. (Msomaji, Tororo)

JIBU: Mwulize anachonga nini. Injini hiyo ina slivu, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazochomolewa, na pistoni huuzwa pamoja na slivu zake kama seti. Unatoa za zamani, unaweka mpya. Asisahau tu kupima slivu zimechomoza kiasi gani juu ya bloku kabla ya kufunga kichwa.