Mimi nimepata z ya -1.93, mwenzangu -2.12: nani kakosea?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Taarifa ya kata yetu inasema asilimia 80 ya kaya zina chandarua chenye dawa. Tulipita kaya 200, yaani kaya 20 katika kila kimoja cha vitongoji 10 vilivyoteuliwa, tukakuta 148 zinacho. Ni asilimia 74. Tulipima pengo hilo kwa z, yaani pengo likigawanywa kwa kosa sanifu (kiasi ambacho asilimia ya sampuli huyumba kwa bahati tu). Mimi nimepata z ya -1.93, mwenzangu -2.12. Kwa kiwango cha asilimia 5, yeye analikataa dai, mimi siwezi. Nani kakosea?

JIBU: Salama, ndugu. Kwa kanuni ya jaribio hili, mwenzako yuko sahihi. Kwenye kosa sanifu wewe umeweka 0.74 ya sampuli, yeye kaweka 0.80 ya dai. Jaribio huanza kwa kulichukulia dai kuwa kweli, kisha huuliza: kama kweli ni asilimia 80, pengo kubwa kama hili lingetokea kwa bahati mara ngapi? Basi kosa sanifu ni kipeuo cha pili cha (0.80 × 0.20 ÷ 200), sawa na 0.0283. Gawanya -0.06 kwa namba hiyo, unapata -2.12, na thamani ya p (uwezekano wa pengo kubwa hivi kutokea kwa bahati) kwa pande zote mbili, juu na chini ya dai, ni 0.034, chini ya ile asilimia 5. Ile 0.74 itumie unapotafuta mipaka ya makadirio, yaani kati ya asilimia ngapi na ngapi huenda ukweli upo.

Ila ripoti msiiandike bado. Hesabu zenu zote mbili zinachukulia kwamba kila kaya ilichaguliwa peke yake kutoka kata nzima, na haikuwa hivyo. Kaya za kitongoji kimoja hufanana: vyandarua vikigawiwa, mara nyingi majirani hupata pamoja au hukosa pamoja. Ukishahoji kaya 15 mahali pamoja, ya 16 inakuongezea habari kidogo tu. Tuseme kiwango cha mfanano huo (0 ni hakuna, 1 ni kufanana kabisa) ni 0.05 (hapa nakisia, cha kwenu kikokotoeni kutoka kwenye data). Kosa sanifu litazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1 + 19 × 0.05 (19 ni kaya 20 za kitongoji kutoa moja), yaani cha 1.95. Linafika 0.0395, z inakuwa -1.52, na p kama 0.13. Hapo dai halikataliki tena. Wala halijathibitishwa, na tafadhali msiandike kwamba limethibitishwa.

Rudini kwenye programu mnayotumia, muieleze kwamba kitongoji ndicho kundi la uteuzi. Kama vitongoji vinatofautiana sana kwa idadi ya kaya, wekeni na uzito, maana kaya 20 za kitongoji kikubwa zinawakilisha watu wengi zaidi.