Makofi Matatu ya Neno Madafu

Swali: Binti yangu wa miaka 4 anasoma chekechea hapa Kisauni, na kila nikimpitia namkuta akiimba na kurukaruka. Je, herufi atazijua lini?

Jibu: Dada yangu, safari ya herufi imeshaanza. Mtoto anayepiga kofi moja kwa kila silabi, ma-da-fu, makofi matatu, huanza kusikia kwamba neno hukatika vipande, na ndivyo vipande hivyo hivyo atakavyovisoma ubaoni baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unapendekeza watoto wa miaka 3 na 4 wapate harakati za mwili zisizopungua dakika 180 kwa siku. Mimi ningemtilia shaka zaidi mwalimu anayewakalisha kimya asubuhi nzima. Jioni mwombe binti yako akufundishe wimbo wa siku hiyo.