Rafiki yako akiwa chini yako kazini, barua ya kwanza ya onyo usiicheleweshe

Nakuandikia wewe uliyepandishwa juzi kuwa msimamizi, na kati ya watu uliokabidhiwa yumo mliyekula naye sahani moja.

Mimi na rafiki yangu tulivuka na kivuko cha Kamanga mwaka 2009 tukitokea Sengerema, kila mtu na begi lake, tukapanga chumba kimoja Mabatini. Miaka ilipokwenda alinisimamia harusi yangu. Nilipopewa kusimamia duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, nilimkuta yeye ndiye mtunza stoo, na nilifurahi kwa moyo wote. Nilisema stoo iko kwenye mikono ninayoijua.

Mambo yalianzia kwenye penseli. Kila mzigo unaotoka huandikwa kwenye leja kwa kalamu ya wino, na namba ya risiti pembeni. Siku moja nikakuta mstari wa penseli: saruji mifuko 6, jina la fundi, kisha neno "analeta". Maana yake mzigo umeshatoka na hela haijaingia. Nilipomuuliza alicheka, akasema huyo fundi ni mtu wake, Jumamosi atalipa. Jumamosi ikapita. Siku ya kuhesabu stoku ilipokaribia nikatoa hela yangu mfukoni, nikalipia mifuko ile sita, nikachukua kifutio nikaufuta mstari. Nikalala nikijiona nimemlinda rafiki.

Hapo ndipo nilipomkosea. Watu hudhani siku ngumu ni ile ya kumwachisha kazi. Kwangu mimi ni ile siku ya kifutio, na miezi saba iliyofuata, ambayo nilimsema kwa mdomo tu, tena tukiwa tunakula, katikati ya habari za mpira. Yeye alisikia rafiki anapiga soga. Angejuaje kwamba msimamizi anamwonya? Kijana wa kaunta alipokosea hesabu mwezi ule ule nilimwandikia barua siku iliyofuata, akajirekebisha, na hadi leo yupo kazini. Rafiki yangu nilimnyima nafasi hiyo hiyo niliyompa mtu baki.

Barua ya kwanza nilimpa upungufu ukiwa umeshafika mifuko 31. Aliiona usaliti, na simlaumu. Baada ya miezi miwili nikampa ya onyo la mwisho. Kisha tukahesabu stoku tukakuta mifuko 64 haipo, na nondo juu yake.

Tajiri alinipigia jioni ile ile: "Mwambie kesho asije." Ukiambiwa hivyo, kataa kwa heshima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka vitu viwili: sababu ya kweli na utaratibu wa haki. Kimoja kikikosekana, umemwachisha isivyo halali. Mpe tuhuma kwa maandishi, mpe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, aje na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Na kikao asikiongoze mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Kwetu mhusika huyo nilikuwa mimi, kwa hiyo kiti alikalia meneja wa tawi jingine. Nilitoa maelezo yangu na leja mezani, nikanyamaza.

Siku ya kumpa uamuzi nilitaka kwenda kwake nyumbani, nikidhani ndiyo utu. Mhasibu wetu, mama mtu mzima, akanizuia: "Baba, usimvunjie heshima mbele ya wanawe." Nikamwita ofisini saa tatu asubuhi, mlango umefungwa. Na hapa nisikilize vizuri: usimwambie "mimi sikutaka, ni tajiri". Ukisema hivyo unajisafisha wewe, na yeye unamwacha na chuki kwa mtu ambaye hawezi hata kumuuliza swali. Nilimwambia kazi yako hapa imeisha leo, mimi ndiye niliyepeleka maelezo, na sababu ni hizi. Nikamweleza pia kwamba akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Rafiki asiisikie haki yake kwa watu wa pembeni.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Ile mifuko sita ya mwanzo, kwa nini hukuniandikia?"

Sikuwa na jibu.

Malipo yasingoje. Siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakwenda, na notisi, ambayo kwa mwenye mshahara wa mwezi ni siku 28. Tulimlipa badala ya kumwambia aendelee kuja. Kiinua mgongo sheria haimpi aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, na nilimweleza hilo uso kwa uso. Wafanyakazi wengine waambie hayupo tena na nani anashika stoo, basi. Mke wangu na mkewe ni marafiki. Nilimwomba mke wangu aendelee kwenda kwao kama kawaida, naye akaendelea.

Hati ya utumishi, ile inayoonyesha mtu alifanya kazi gani na tangu lini, nilikuwa nimeiandaa, lakini siku ile aliondoka bila kuichukua. Ilikaa kwenye droo yangu miezi mitano. Asubuhi moja akaingia dukani, akasema amepata kazi sehemu nyingine na wanaitaka. Nikampa. Aliisoma amesimama kaunta, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Tangu 2011," akasema.

"Tangu 2011."

Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Wasalimie watoto," akasema, akatoka.